Hata Profesa Anadesa

Aliyepita chuo kikuu Tanzania hahitaji kuelezwa desa ni nini. Ni kurasa thelathini za muhtasari wa somo zilizotolewa kopi mara ya nane, wino umepauka upande wa kushoto, mstari wa mwisho wa kila ukurasa umekatwa na mwandishi hajulikani. Unalinunua steshenari nje ya geti, au unarithishwa na aliyekutangulia mwaka. Kila muhula wahadhiri hulaani madesa. Wanasema yanaua usomaji, na hawakosei.

Ila nimekaa karibu na wahadhiri muda wa kutosha kujua kwamba nao wanadesa. Mtu mwenye shahada ya uzamivu akihitaji makala ya jarida la kimataifa kwa kazi yake, hainunui. Atoe dola 35 au 40 kwa kurasa kumi na mbili ambazo huenda akazipitia akaona hazimfai? Anamwandikia mwanafunzi wake wa zamani aliye Leeds au Oslo: "Hebu niangalizie hii, huko kwenu inafunguka?" Asipokuwa na mtu, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp. Kundi likilala, anaingia kwenye tovuti ambayo hataitaja kikaoni, anabandika namba ya makala, faili linashuka. Kesho yake saa mbili asubuhi yuko darasani anawakemea vijana kwa kudesa.

Tovuti hiyo ni Sci-Hub. Aliianzisha Alexandra Elbakyan, kijana wa Kazakhstan, mwaka 2011, baada ya kuchoka kugonga ukuta wa malipo kila alipotafuta makala. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliamua kwamba Elsevier, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida yenye makao yake Amsterdam, ilipwe dola milioni 15 kama fidia. Kwa sheria ni ukiukaji wa hakimiliki. Kwa mtafiti wa Mbeya ni maktaba.

Dhambi ya kudesa waijadili wengine. Kinachonikera mimi ni jinsi tunavyozungumza juu ya upatikanaji wa utafiti kana kwamba mchawi wetu yuko Amsterdam peke yake. Yuko Amsterdam, ndiyo, nitamfikia sasa hivi. Lakini ufunguo mmoja mkubwa uko hapa hapa, umelala ndani ya faili la kamati ya kupandisha vyeo ya kila chuo chetu, na sioni anayeunyooshea mkono.

Tuanze na Amsterdam, maana biashara yenyewe ni ya ajabu. Mtafiti wa Morogoro analipwa mshahara na serikali. Anafanya utafiti kwa fedha za serikali au za mfadhili. Anaandika makala na kuipeleka kwenye jarida bila kulipwa hata senti. Mhariri anatafuta wataalamu wawili au watatu waisome na kuikosoa, nao hawalipwi. Makala ikipita, mwandishi anasaini karatasi ya kumkabidhi mchapishaji hakimiliki. Kisha chuo cha mtafiti yule yule kinaletewa ankara ili wanafunzi wake waweze kuisoma. Ni sawa na mkulima wa Ismani apeleke mahindi yake mashineni, majirani zake wakayapembue bure, halafu mwenye mashine amuuzie unga kwa bei anayotaka, na gunia abaki nalo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Jarida la Royal Society ya London lilipoanza mwaka 1665, katibu wake Henry Oldenburg alitarajia limpatie riziki kidogo tu, na hata hiyo kidogo aliipata kwa taabu. Kwa karne karibu tatu majarida yalikuwa kazi ya vyama vya wasomi, na mengi yalijiendesha kwa hasara. Aliyenusa fedha ni Robert Maxwell, mwenye kampuni ya Pergamon, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliona jambo ambalo wasomi wenyewe hawakuliona: kila makala ni ukiritimba mdogo. Ukikosa sukari ya Kilombero utachukua ya Mtibwa. Ukikosa makala inayoeleza mbu aina ya Anopheles funestus anavyozaliana kwenye vijito vya bonde la Kilombero, hakuna nyingine ya kufanana nayo utakayopewa badala yake. Kwa hiyo ongeza majarida, pandisha bei, maktaba italipa tu. Mwaka 1991 Maxwell aliiuza Pergamon kwa Elsevier, na kwa miaka mingi sasa tawi la sayansi la kampuni hiyo limekuwa likibakiza kama faida zaidi ya theluthi moja ya mapato yake. Nitajie duka la Kariakoo linalobakiza hivyo, mwaka hadi mwaka, kwa bidhaa ambayo halikuitengeneza.

Gharama ya ukuta huu ina kisa chake, na kimetokea Afrika.

Machi 2014, Guinea ilipotangaza mlipuko wa Ebola, kauli iliyosikika kila mahali ilikuwa kwamba ugonjwa huo ni mgeni Afrika Magharibi. Ebola ilijulikana kuwa ya Kongo, ya Sudan, ya Uganda. Mlipuko ulipozimwa zaidi ya watu 11,000 walikuwa wamekufa, karibu 4,800 kati yao Liberia peke yake. Aprili 2015 Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa Liberia, aliandika na wenzake wawili katika New York Times jambo lililowachoma. Mwaka 1982 watafiti wa Ujerumani walikuwa wamechapisha matokeo ya kupima damu ya Waliberia. Walikuta kingamwili za Ebola. Wakaandika kwamba Liberia ihesabiwe miongoni mwa maeneo yenye virusi hivyo, na kwamba wahudumu wa vituo vya afya wawe tayari, wasije wakapata mgonjwa wakageuza hospitali kuwa chanzo cha maambukizi. Yaani kilichotokea mwaka 2014 kilikuwa kimeandikwa miaka 32 kabla, katika jarida la Ulaya. Kupakua makala ya namna hiyo, waliandika Dahn na wenzake, kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu mshahara wake wa nusu wiki.

Wanaosimulia kisa hiki kwa kawaida huishia kwenye dola 45. Mimi naona kuna sentensi nyingine katika andiko lile yenye uzito kuliko hiyo: hakuna Mliberia aliyeshiriki kuandika makala zile. Hata ingetolewa bure mwaka 1982, ingekuwa bure kwenye rafu za maktaba za Ulaya. Monrovia hakuwepo mtu ambaye jina lake lilikuwa juu ya makala, mtu wa kuifundisha chuoni, wa kuitaja mbele ya waziri, wa kushtuka mwaka 2014 na kusema ngoja, hili tulishaliandika. Tukiubomoa ukuta wa bei na kuliacha hilo, tutakuwa tumefungua mlango wa nyumba ambayo wenyeji hawakualikwa.

Na bei yenyewe imekuwa ikibomolewa kwa namna inayostahili kutazamwa kwa jicho kali. Februari 2002 kundi la wasomi lilitoa tamko kutoka Budapest likidai ufikiaji huria: utafiti usomwe na yeyote, popote, bila malipo. Tamko lilitaja njia mbili. Ya kwanza, mtafiti aweke nakala ya makala yake kwenye hazina ya wazi mtandaoni. Wanafizikia walikuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 1991 kupitia arXiv, na dunia haikuanguka. Ya pili, kuwe na majarida yasiyomtoza msomaji. Tamko halikusema mwandishi ndiye abebeshwe mzigo, lakini fedha ni kama maji, hutafuta mteremko. Wachapishaji waligundua kwamba wakiacha kumtoza msomaji wanaweza kumtoza mwandishi, tena kabla kazi haijatoka. Novemba 2020 jarida la Nature lilitangaza ada yake: euro 9,500 kwa makala moja. Ni zaidi ya shilingi milioni 25. Kwa majarida yasiyo na jina kubwa kiasi hicho, dola elfu mbili au tatu ni bei ya kawaida sokoni.

Tazama kilichotokea. Zamani mhadhiri wa Dodoma alikuwa hawezi kusoma lakini anaweza kuandika: jarida lilipokea makala nzuri kutoka popote bila kuuliza mfuko wa mwandishi. Leo anaweza kusoma lakini hawezi kuandika. Mwenye kuamua nani asikike ni yule mwenye ruzuku ya utafiti, na ruzuku nyingi za kwetu zinatoka nje zikiwa na mada zake mkononi. Ukitafiti malaria una wa kukulipia. Ukitafiti migogoro ya mipaka ya vijiji Kilosa, au misamiati ya wavuvi wa Kilwa, jilipie.

Utaambiwa upo msamaha wa ada. Angalia neno lenyewe: unaomba msamaha, kama mtu aliyekosa. Upo, na wapo waliosaidika nao, lakini una masharti ya ajabu. Julai 2020 Benki ya Dunia ilipoitaja Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati, daraja la chini, tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Hakuna aliyetukumbusha kwamba wachapishaji kadhaa hupanga misamaha kwa kufuata orodha hiyo hiyo: nchi za kipato cha chini husamehewa ada yote, za daraja linalofuata hupewa punguzo la nusu. Mshahara wa mhadhiri haukupanda daraja siku ile. Na wafadhili nao wameanza kuchoka. Wakfu wa Gates, uliokuwa ukilipa ada hizi kwa niaba ya watafiti wake, uliacha kuzilipa kuanzia Januari 2025 na sasa unawataka waweke rasimu za makala zao mahali pa wazi kabla hata ya kwenda jaridani.

Kuna pia mpango wa HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, ambao huzipa taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Ni msaada wa kweli, sitaukebehi. Madaktari wengi wamesomea humo. Lakini nywila hupewa taasisi. Ukimaliza masomo ukapangiwa kituo cha afya pembezoni ambacho hakijajisajili, unarudi kwenye kundi la WhatsApp. Na orodha ya nani apewe nini inaandikwa na mtoaji.

Sasa nirudi nyumbani.

Mhadhiri wa kwetu anachapisha kwa sababu gani? Jibu la heshima ni kuongeza maarifa. Jibu la kweli, ukimkuta amekaa na chai yake, ni pointi. Kupanda kutoka mhadhiri kuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa kamili, kunahitaji machapisho yenye pointi za kutosha, na kamati ndiyo inayohesabu. Mshahara unategemea hapo, nafasi ya uongozi inategemea hapo, hata kiti cha mbele kwenye mahafali. Sitegemei mtu mwenye watoto watatu shuleni azipuuze pointi ili kuitikia tamko la Budapest.

Njaa hii ya pointi ndiyo iliyolisha majarida ya kitapeli. Kila mwenye anuani ya barua pepe ya chuo anazijua barua zao: salamu za unyenyekevu uliopitiliza, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku saba, ada ya dola mia moja na hamsini. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alituma makala iliyojaa makosa ya makusudi kwa majarida 304 yanayotoza waandishi, akitumia majina ya watafiti wa kubuni kutoka taasisi za Afrika zisizokuwepo. Zaidi ya nusu waliikubali. Nimewahi kusikia kisa hiki kikisimuliwa kwenye warsha kama ushahidi kwamba vya bure havina ubora. Mimi nasoma vingine. Kwanza, majarida yale hayakuwa bure, yalikuwa ya kulipia kuingia. Pili, ona ni jina la nani lililotumika kama chambo: ilionekana kawaida kabisa kwamba Mwafrika asiyejulikana atatuma kazi mbovu na fedha mkononi. Hilo nalo ni doa ambalo pointi zimetupaka.

Serikali imejaribu kusukuma ubora. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilitangaza zawadi ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti atakayechapisha katika majarida ya juu kabisa duniani. Nia ni njema, na waliopata wamestahili. Lakini mwelekeo wa mshale ni ule ule: kazi bora ipelekwe kwao, ikaheshimiwe kwao, nasi tuipongeze kwa mbali. Ningefurahi zaidi kama hundi ingetolewa kwa sharti dogo tu, kwamba nakala ya makala iwe imewekwa mahali ambapo mwalimu wa sekondari ya kata anaweza kuifungua kwa simu yake.

Sharti hilo si ndoto. Limeshajaribiwa, na waliolijaribu hawakuwa matajiri wa kupindukia. Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, chini ya mkuu wake Bernard Rentier, kilipitisha sera mwaka 2007 na mwaka uliofuata kikazindua hazina yake inayoitwa ORBi. Sera ilikuwa fupi. Kila mtafiti aweke machapisho yake kwenye hazina ya chuo. Hakuna faini, hakuna barua ya onyo. Ila wakati wa kuomba kupandishwa cheo au kupewa fedha za ndani, kamati itaangalia tu kilichomo ndani ya hazina. Ambacho hakimo, kwa kamati hakikuandikwa. Watu waliokuwa "hawana muda" wa kupakia faili wakaupata.

Huo ndio ufunguo ninaousema. Kwa chuo cha kwetu hauhitaji mkopo wala mfadhili. Unahitaji seneti ikae siku moja na kuongeza kifungu kimoja kwenye mwongozo wa kupandisha vyeo. Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili, Nairobi, Makerere: kote huko hazina za mtandaoni zipo tayari. Zilijengwa, zikazinduliwa kwa utepe na picha ya pamoja, na zimejaa zaidi tasnifu za wanafunzi, kwa sababu mwanafunzi analazimishwa kuwasilisha ndipo ahitimu. Mwalimu wake halazimishwi.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza: hakimiliki si yangu tena, nilishasaini. Hapa ndipo wengi wetu tumejinyima bila kunyimwa. Wachapishaji wengi wakubwa humruhusu mwandishi kuweka toleo lililokubaliwa, yaani ile faili yake mwenyewe ya mwisho baada ya marekebisho ya wakaguzi, kabla mchapishaji hajaipanga kurasa na kuipiga nembo. Wengine huruhusu mara moja, wengine baada ya miezi sita, kumi na miwili au zaidi. Maneno ni yale yale, majedwali ni yale yale, kilichopungua ni urembo. Ruhusa hiyo imeandikwa kwenye tovuti zao. Nimekutana na maprofesa waliochapisha makala arobaini wasioijua, na toleo lao lililokubaliwa liliishia kwenye kompyuta mpakato iliyoibwa Ubungo mwaka juzi. Kazi ya miaka miwili, ya fedha ya umma, nakala ya wazi haipo popote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na silikwepi. Hazina nyingi za kwetu ni dhaifu. Kiungo ulichokitumia mwezi uliopita leo hakifunguki kwa sababu mfumo umehamishwa, au seva imezimika wiki nzima na fundi yuko likizo. Tasnifu imeskaniwa kwa kuinamishwa kiasi kwamba huwezi kutafuta neno ndani yake. Nyingine ina ukurasa wa jina na ikisiri tu, ukitaka iliyobaki funga safari. Sababu yake ni moja: chuo hakioni hasara yoyote hazina ikilala. Siku ambayo profesa atakosa cheo kwa sababu seva imezimika, seva haitazimika tena siku mbili.

Majarida yetu wenyewe yana hadithi ya kusikitisha na ya kutia moyo kwa pamoja. Kiufundi, kuendesha jarida leo ni rahisi. Open Journal Systems, programu ya bure iliyobuniwa Kanada, inaendesha maelfu ya majarida duniani, yakiwemo mengi ya vyuo vya Afrika Mashariki. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini, inabeba zaidi ya majarida 500 ya bara hili. Tatizo ni watu. Mhariri mkuu ni mhadhiri mwenye kozi nne na wanafunzi wa uzamili kumi na mmoja. Toleo la Juni linatoka Februari. Mkaguzi wa makala anakaa nayo miezi saba, kisha anaandika mistari miwili. Na uhariri, tofauti na makala, mara nyingi humletea pointi kiduchu au hazimfikii kabisa. Halafu tunashangaa kwa nini majarida yanakufa toleo la tatu.

Amerika ya Kusini ilipita hapa ikaamua tofauti. Mwaka 1997 shirika la umma la kugharamia utafiti la jimbo la São Paulo, Brazil, lilianzisha SciELO: jukwaa la pamoja la majarida yao, msomaji halipi, na nguvu kubwa ya kulisimamisha ilitoka fedha za umma, si mfuko wa mwandishi. Kuna viwango vya kuingia na jarida linaloshuka linatolewa. Makala zinapokelewa kwa Kireno na Kihispania bila mtu kuona haya. Afrika Kusini iliingia kwenye mtandao huo miaka mingi iliyopita. Majarida ya namna hii, yasiyomtoza msomaji wala mwandishi, huitwa ya almasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba yapo kati ya 17,000 na 29,000 duniani, mengi madogo, yakiendeshwa kwa kujitolea. Tukijumlisha nguvu za maktaba zetu, ada tunazolipa nje na gharama za mikutano ya kujadili ada hizo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kuwa na jukwaa lake moja imara. Sisemi kila chuo kiwe na jarida lake, maana hilo ndilo gonjwa tulilonalo sasa: majarida mengi, kila moja na nembo, hakuna lenye wahariri.

Wenye kunijua watashangaa nimefika hapa bila kutaja Kiswahili. Lugha hii ina jarida la kitaaluma lenye umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyote vya Tanzania. Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ilianza kutoa taarifa yake mwaka 1930, na mzao wake, jarida la Kiswahili, bado linatolewa Dar es Salaam na taasisi tuliyoizoea kwa jina la TUKI na sasa ni TATAKI. Lakini ukitaka jarida la taaluma za Kiswahili ambalo matoleo yake yanafunguka kwa simu, bure, bila kubembeleza, njia nyepesi ni Swahili Forum, nalo linatolewa Ujerumani. Nawashukuru Wajerumani. Naona haya kidogo.

Mwaka 2021 wataalamu wa lugha na kompyuta wa mtandao wa Masakhane walitangaza mradi wa kutafsiri makala za kisayansi kutoka AfricArXiv, hazina ya wazi ya utafiti wa Afrika, kwenda lugha sita za Afrika, ili sayansi ipate msamiati wake. Kizulu kilikuwemo, Kisotho cha Kaskazini, Kiyoruba, Kihausa, Kiamhari. Hata Kiganda. Kiswahili hakikuwemo. Sina kinyongo na Waganda, lakini sisi wenye lugha inayofundishwa kote duniani tulipaswa kuwa tumeshaanza peke yetu bila kungoja kuchaguliwa. Kuanza si lazima kuwe kutafsiri makala nzima. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika Bagamoyo na Korogwe, Kilifi na Siaya. Mama aliyepeleka mtoto wake kuchomwa sindano na kutolewa damu alielezwa kila kitu kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, akasaini fomu ya ridhaa. Matokeo yalipotoka yalitoka kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja wa ikisiri ya Kiswahili, uliowekwa pamoja na makala, ungemfikia angalau mganga wa zahanati yake. Kenya, chombo kinachotoa vibali vya utafiti, NACOSTI, tayari humdai mtafiti nakala ya ripoti yake ya mwisho. Tanzania vibali vinapitia COSTECH. Kudai na ikisiri ya Kiswahili, kisha kuiweka hadharani badala ya kwenye jalada, ni aya moja ya kuongeza kwenye barua ya kibali.

Fomu ya kuomba kupandishwa cheo huwa na safu zake: jina la makala, jina la jarida, mwaka, nafasi yako kati ya waandishi, pointi. Upande wa kulia wa karatasi hubaki nafasi kama ya vidole viwili. Inatosha safu moja zaidi, yenye kichwa cha maneno mawili: "inasomwa wapi", na maelezo kwa herufi ndogo chini ya jedwali kwamba mstari uliobaki wazi kwenye safu hiyo hautahesabiwa.